Mbuzi ya kukunia nazi na nyumba ya akina Rose

Filamu ilikuwa imefika katikati pale ndugu yangu aliponigeukia akauliza, "Sasa staringi nani humu?"

Sote tuliokulia kwenye vibanda vya video tunalijua swali hilo. Staringi ndiye unayemfuata. Staringi hafi. Akiingia peke yake kwenye nyumba yenye maadui ishirini hukai roho juu, maana unajua atatoka, pengine na damu kidogo begani. Tulikuwa tukibanana kwenye mabenchi, na majina hayajesha kupita kwenye kioo mtu keshamuuliza aliyekaa mbele yake: staringi yupi? Ukishaoneshwa, moyo wako umepata pa kukaa.

Nikamwambia hayupo. Akaguna, akarudi kutazama.

Ndugu yangu huyu ni mtoto wa ami yangu, kwao Wete, kisiwani Pemba. Alikuja Unguja kwa shughuli ya hospitali, akalala kwangu Kikwajuni siku tatu. Usiku wa pili umeme ulikatika, na uliporudi usingizi ulikuwa umeshatupaa wote wawili, nikaweka The War of the Roses. Sikuichagua kwa ajili yake. Nilisikia kwamba mwaka 2025 hadithi hiyo imetengenezwa upya kwa jina la The Roses, Benedict Cumberbatch na Olivia Colman wakiwa mume na mke, nikataka kwanza niione ile ya zamani. Lau ningeikumbuka nyumba ya ami kabla ya kubonyeza, pengine ningeweka filamu nyengine. Leo nashukuru kwamba sikukumbuka.

Ile ya zamani ni ya mwaka 1989. Mwongozaji wake ni Danny DeVito, na mwenyewe anacheza ndani yake kama wakili. Mume ni Michael Douglas, mke ni Kathleen Turner. Watatu hawa walikwisha kucheza pamoja mara mbili, 1984 na 1985, kwenye filamu za mapenzi na safari za hatari, kwa hivyo mtazamaji wa wakati ule aliingia sinema akiwa ameshawazoea kwa kuwapenda. Naamini DeVito alilitegemea hilo. Anakupa nyuso uzipendazo, kisha sababu za kuzipenda anakunyang'anya moja moja.

Wakili anasimulia akiwa ofisini kwake. Mbele yake kakaa mteja anayetaka kumwacha mkewe, na mteja huyo hafungui mdomo. Wakili anamwambia kwamba malipo yake ni dola 450 kwa saa, na mtu anayelipwa dola 450 kwa saa akitaka kukwambia kitu bure, msikilize. Ndipo anapoanza. Oliver Rose na Barbara walikutana mnadani, wote wawili wanawania kinyago kimoja kidogo, Barbara akakipata. Wakaoana, wakajaaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Mume akapanda katika uwakili. Mke akatafuta nyumba kubwa, akaipata, akaipamba mwaka baada ya mwaka mpaka haikubaki pembe isiyopambwa. Nyumba ilipokwisha, na ndoa ikaanza kwisha.

Kuna kisa kimoja mle ambacho sijaacha kukifikiria. Oliver anaugua ghafla, anadhani moyo unamsimama. Kitandani hospitali anamwandikia mkewe barua: vyote alivyonavyo, na vyote alivyo, ni kwa sababu yake. Mke haendi hospitali kumtazama. Baadaye anamwambia kweli yake, kwamba alipodhani mumewe amekufa alijisikia mwepesi, akafurahi, na furaha ile ikamtisha. Kisha zinapofika hesabu za talaka, wakili wa mke anaitoa barua ile mezani. Si umeandika kwa mkono wako kwamba vyote ulivyonavyo vinatokana naye? Basi nyumba mpe.

Hapo ndugu yangu alicheka mpaka akakohoa. Na mie nikacheka. Lakini Oliver hahami. Inatafutwa nafasi ndani ya sheria, anaruhusiwa kukaa nyumba ile ile mpaka kesi ishe. Inachorwa ramani ya nyumba, inatiwa rangi: huku kwako, huku kwangu, huku kwa wote.

Ndugu yangu akaacha kucheka. "Kama kwetu," akasema.

Huko kwao sheria iliyowaweka pamoja jina lake ni eda, ule muda wa kungoja wa mwanamke aliyeachwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ami alimwacha mkewe talaka moja. Mwanamke aliyeachwa hukaa eda katika nyumba ya ndoa, na Kurani imekataza kumtoa, aya ya kwanza kabisa ya Suratu Talaka. Hekima yake hata mtoto anaifahamu: huenda nyoyo zikarudi. Eda ikesha. Hakurejewa, na hakuhama. Alisema nyumba imejengwa kwa karafuu zake. Ami akasema imejengwa kwa karafuu zake yeye. Na wote wawili, wallahi, walisema kweli.

Nyumba nyingi za Pemba zimesimama hivyo. Msimu huu msingi, msimu ujao kuta, mwengine mabati. Mikarafuu ikigoma, nyumba nayo inasubiri na nyasi zinaota chumbani. Ami alikuwa na mikarafuu aliyorithi kwa babu. Mkewe alikuwa nayo michache kutoka kwa mama yake, lakini yeye ndiye aliyekesha akichambua, karafuu huku makonyo kule, mpaka vidole vinakuwa vyeusi na harufu haitoki hata kwa sabuni. Mchana alizianika kwenye majamvi. Wingu likijitokeza tu anakimbia kuzianua, maana karafuu ikirowa rangi yake inaharibika, na rangi ikiharibika bei inaanguka. Sasa nani atasema tofali lipi limetoka kwenye mti na lipi limetoka kwenye mbio zile za kuwahi mvua?

Wazee walijaribu. Suratu Nisaa, aya ya 35, inataka hakamu, yaani msuluhishi, mmoja kutoka kwa jamaa wa mume na mmoja kutoka kwa jamaa wa mke. Baba yangu alikuwa hakamu wa ami. Alivuka kwenda Pemba mara nne. Aliporudi mara ya nne nilimsikia akimwambia mama: "Yule ukimsikiliza peke yake ana haki. Na yule ukimsikiliza peke yake ana haki. Wakae pamoja sasa, hutaiona haki yenyewe iko wapi." Kisha akaomba maji ya kuoga.

Stoo ikatiwa makufuli mawili, la mume na la mke, kwa hivyo haikufunguka mpaka wawepo wote wawili, na wao hawakukubali kusimama mlango mmoja. Mpunga ukaliwa na panya humo. Mke akavaa kanga ya "Hasidi hana sababu" wiki nzima, anaifua usiku na kuivaa asubuhi, anapita nayo uani pole pole. Ami, akija mgeni wa mkewe, anafungua redio mpaka mwisho. Haya yote twayajua, kila ukoo una yake. Cha kwao ni ile mbuzi.

Mbuzi ya kukunia nazi, namaanisha. Kibao cha kukunja, ubao umelainika kwa kukaliwa miaka, na mbele yake kile chuma chenye meno ya duara kinachotoka kama ulimi. Chuma kilikuwa cha bibi yetu, mama yake ami. Alimpa mwanawe siku ya kuhama. Ubao wa bibi ulikuja kuvunjika, na mke wa ami akampelekea fundi seremala mti wa mfenesi kutoka shamba la kwao, akamchongea ubao mpya, akalipa mwenyewe. Mkapata mbuzi moja yenye wenyewe wawili, na muda wote wa ndoa hakuna aliyelifikiria hilo.

Usiku mmoja ami alichukua bisibisi akakifungua chuma, akaenda nacho. Asubuhi mkewe akakuta ubao mtupu, na tundu mbili za skurubu. Hakupiga kelele. Aliuchukua ubao akauweka katikati ya ukumbi, pale ambapo lazima ami auruke akitoka chumbani kwake. Akauacha hapo.

Asiyekulia pwani hatoielewa vizuri adhabu hii. Nyumba ya Kipemba isiyokuna nazi haina tui, na isiyo na tui haina mchuzi wa kueleweka, haina wali, haina mihogo, haina maharage wala mkate wa kumimina. Kununua mbuzi nyengine ilikuwa jambo la siku moja, pale sokoni Wete. Hakununua ami, kwa sababu kununua kungekuwa kusema kwamba chuma cha mama yake hakitoshi peke yake kuwa mbuzi. Hakununua mke, kwa sababu kungekuwa kusema ubao wake ni kuni. Miezi saba watu wazima wawili walikula wali mkavu kwa chumvi, kila mmoja jikoni kwake, na nyumba imezungukwa na minazi. Jirani akikuna nazi alikuwa akiwapitishia watoto bakuli la tui dirishani.

Kisa hiki kwetu kilisimuliwa kwenye maarusi. Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi kwa ncha za kanga. Baba alicheka pia, naye ndiye aliyeurukia ubao ule kwa miguu yake. Waliokuwa hawapo kikisimuliwa ni watoto wa nyumba ile.

Miaka mingi nimekwenda Ngome Kongwe wakati wa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar. Tamasha hilo linafanyika tangu 1998, na jukwaa likishafungwa, watu wakiwa bado wamekaa kwenye ngazi za mawe, swali ninalolisikia zaidi ya yote ni: ina mafunzo gani hii? Nalifahamu swali lenyewe na nalipenda. Kwetu hadithi imepewa kazi ya kulea. Bibi alikuwa hamalizi ngano bila ya kukutazama usoni aone imeingia. Lakini pamoja na swali hilo huja na jengine, la chini kwa chini: nani wa kuigwa? Na filamu ambayo haina wa kuigwa huambiwa haina kitu, au imekuja kutuharibia watoto.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu, na usiku ule umenizidishia. Mtu wa kumpenda akishapatikana, macho hupumzika. Kila analofanya unalitafutia udhuru kabla hujaliona vizuri. Mie nilikuwa na staringi wangu katika kisa cha Wete kwa zaidi ya miaka thelathini, naye ni ami. Alikuwa akiniletea halua ya Wete kwenye kikapu, akinibeba begani kwenda bandarini kuangalia majahazi. Kwa hivyo kwenye hesabu zangu yule mwanamke ndiye aliyeng'ang'ania, na ami ndiye aliyevumilia. Chuma nilikisimulia kama ushujaa wa mtu anayelinda kumbukumbu ya mama yake. Upande wa pili wa ukoo, bila ya shaka, ubao ulisimuliwa hivyo hivyo.

Oliver na Barbara sikuwa na udhuru wa kuwapa. Wasingeniruhusu. Kila nilipotaka kuegemea kwa mmoja, mwengine alinipa sababu, kisha naye akaiharibu kwa mkono wake. Gari la Oliver linamgonga paka wa Barbara akafa, bila ya kukusudia. Barbara anamfungia Oliver kwenye chumba cha mvuke, na huku ni kukusudia. Barbara anaandaa karamu ya wateja wa biashara yake mpya ya mapishi. Oliver anaingia jikoni, anakojolea samaki walioandaliwa. Barbara anapanda gari lake kubwa la magurudumu marefu, analipondaponda gari dogo la Oliver alipendalo kuliko watu. Kila hatua imezidi ile iliyotangulia kwa kidogo tu, na kwa sababu ni kidogo unaikubali, unacheka, unaikubali na inayofuata. Wao wenyewe ndivyo walivyofika huko. Ndivyo alivyofika ami kwenye bisibisi. Hakuna asubuhi aliyoamka akasema leo nitawanyima wanangu tui.

Na wala si watu wasiotazamika. Wana akili, wana bidii, wanajua kuchekesha, wanaijua nyumba yao mpaka sauti ya kila mlango. Hawapendeki, lakini huwezi kuwatoa machoni. Nahisi tunachanganya mambo mawili tunaposema filamu haina watu wazuri: kumpenda mtu, na kumfahamu. Ami nilimpenda tangu sijui kusoma. Kumfahamu kumenijia juzi, kwa msaada wa Mmarekani aliyekojolea samaki.

Kicheko chenyewe kina kazi yake. Lau filamu ile ingekuwa ya kulia, ndugu yangu angeinuka akaenda kulala. Mtu aliyeishi ndani ya jambo hahitaji kuliziwa. Alibaki kwa sababu alikuwa anacheka, na kucheka kukampeleka mpaka mahali ambapo kwa miguu yake asingekwenda.

Mahali penyewe ni mezani. Barbara anampikia Oliver, wanakaa kwa upole, unadhani yamekwisha. Anamlisha ini lililosagwa, kitu cha kupakwa kwenye mkate. Oliver anakula, anasifu. Ndipo Barbara anapomfahamisha kwamba anachokila ni mbwa wake. Sisi watazamaji tunaoneshwa mbwa yuko nje, mzima, lakini Oliver haoneshwi. DeVito ametuhurumia sisi kwa kutuonesha yule mbwa, na nafikiri alifanya vizuri, kwa sababu bila ya pumzi ile wengi tungezima. Ndugu yangu hakucheka. Alikuwa amekunja mikono, ananiangalia mie badala ya kioo.

Mwisho wanaujua walioiona. Mke na mume wananing'inia kwenye thurea, ile taa kubwa ya vioo ya ukumbini. Inakatika. Wanaanguka nayo sakafuni. Kwa nguvu zilizobaki Oliver ananyoosha mkono, anaufikisha kwenye bega la mkewe. Barbara anautoa. Wanakufa hivyo. Yule mteja ofisini anaondoka kimya.

Nina lawama moja na filamu ile, na ni kubwa. Watoto. Wanakua, wanakwenda zao chuo kikuu, na vita vinapokuwa vya kuuana nyumba imebaki ya wawili. Nadhani mwongozaji alijua kwamba mtoto mmoja akisimama kwenye ngazi na nguo za kulalia, hakuna atakayecheka tena. Kwa hivyo aliwatoa. Wete hakuna aliyewatoa watoto. Walikuwa wanne, na wa tatu alikuwa kakaa kwenye kochi langu saa nane za usiku.

Nikamwambia hilo, kwamba watoto wametolewa ili tucheke. Akafikiri. Kisha akasema, "Kile chuma nilikuwa nacho mie."

Sikumfahamu mara moja. Alikuwa na miaka tisa. Aliparamia ukuta kutafuta mpira, akakiona juu, chini ya bati, kimefungwa kitambaa. Alikijua hapo hapo. Akakitia kwenye mkoba wake wa chuo cha Kurani, chini ya juzuu, akahofu kwamba ni dhambi kukiweka na maneno ya Mungu, akakihamishia kwenye mfuko wa mbele. Akaenda nacho chuoni na skuli kila siku. Meno yake yalitoboa mkoba, mama akaushona, hakuuliza umetobolewa na nini. Baba yake alipokwenda kukitazama asikione, aliamini kachukua mke. Mke akaamini ni maneno ya kujitoa. Vita vikaanza upya, na yeye kakaa kwenye ngazi ya uani, mkoba mapajani.

"Kwa nini hukukirudisha?"

"Kwa nani?" akaniuliza.

Nikakosa jibu.

"Nikimpa mama, baba angeona tumemgeuka. Nikimpa baba, angekificha pengine, mama akaondoka. Wakati ule mama alikuwa anasema kila siku ataondoka. Nikaona bora wote wakose." Akanyamaza kidogo. "Na nilikuwa napenda wasipokipata. Usiniulize zaidi. Nilipenda."

Ami alifariki mwaka 2011. Alikuwa ameshajenga chumba na ukumbi nyuma ya nyumba ile, hatua ishirini, na ndimo alimofia. Siku ya hitima yule mwanamke, ambaye kisheria hakuwa chochote chake, alikaa jikoni tangu alfajiri akakuna nazi zote za shughuli, kwa mbuzi ya kuazima. Wanawake walitaka kumpokea. Hakukubali kupokewa na mtu. Niliiona kwa macho yangu mikono yake, na kwa sababu nilikuwa na staringi wangu ndani ya sanda, nilidhani anajionesha.

Haya nimeyaandika kwa ruhusa ya ndugu yangu. Alinipa ruhusa akiwa anafunga begi la kurudi, kwa sharti kwamba nisimfanye mtoto mwema.

Usiku ule nilitaka kuzima. Akanizuia mkono. "Rudisha pale pa mkono," akasema. "Sikuona vizuri. Anautoa, au unateleza wenyewe?"

Nikarudisha. Tukatazama thurea inakatika, inaanguka, vumbi, mkono unakwenda, unafika begani.

"Anautoa," nikasema.

Akasogea karibu na kioo. "Rudisha tena."